Kufungua kizazi: vipimo vinavyotangulia upasuaji

Malalamiko yamezidi kwenye kliniki yetu: "Nimekuja kufunguliwa kizazi, mnanizungusha na vipimo." Neno kufunga ndilo linalowaponza wengi. Hakuna fundo linalosubiri kufunguliwa. Anayefungwa kizazi, mrija wake unaopitisha yai hukatwa, huunguzwa, au hubanwa kwa pete au klipu. Anayeurudisha huunga ncha mbili zilizobaki, na kama hakikubaki kitu, hana cha kuunga.

Ndiyo maana karatasi ya kwanza tunayoitaka ni maelezo ya upasuaji uliokufunga. Kama ulifungwa siku uliyojifungua kwa kupasuliwa, iwe Unguja, Pemba au Bara, rudi hospitali ile uombe nakala kwa maandishi. Kadi ya kliniki haitoshi, wala ushahidi wa shoga aliyekusindikiza. Tunatafuta njia iliyotumika, sehemu iliyokatwa, na kama mdomo wa mrija ulio karibu na kifuko cha mayai uliondolewa. Ukiwa umeondolewa, kwa kawaida hatushauri upasuaji. Mrija utakaobaki na urefu chini ya sentimita 4 nao hupunguza sana matumaini.

Kisha mume. "Nina watoto sita, nipimwe nini?" Jamani, mtoto wa miaka kumi iliyopita hathibitishi mbegu za leo! Tusimpasue mwanamke bure. Mume akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Sampuli yote iingie kwenye kikopo cha maabara na ifike ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili, si kwenye barafu. Anayetoka mbali, kama Nungwi au Makunduchi, aje kuitoa hapa hapa, chumba cha faragha kipo. Kondomu ya kawaida huharibu mbegu. Asiyeridhika kutoa kwa mkono aulize ile maalumu isiyo na dawa, aitumie na mkewe. Iliyochelewa haipokelewi, na miadi huanza upya. Jibu likiwa baya, kipimo hurudiwa.

Kwa mama, damu ya kupima FSH, homoni inayokuza mayai, hutolewa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Ya AMH, inayoashiria akiba ya mayai, siku yoyote. Ultrasaundi huangalia vifuko vya mayai na uvimbe. Picha ya eksirei ya kizazi na mirija, yenye dawa, hupigwa hedhi ikishakatika, kabla yai halijapevuka, na tangu hedhi ianze msikutane kimwili mpaka ipigwe. Inauma kidogo, sitaficha. Wingi wa damu, kundi la damu, sukari na presha ni vya kila upasuaji.

Majibu mazuri si ahadi ya mimba, hasa baada ya miaka 40, kwani kuunga mrija hakurudishi mayai. Na ukishafanyiwa upasuaji, siku zikipita bila hedhi, pima mimba mara moja, kisha njoo upigwe ultrasaundi mnamo wiki ya sita: mrija uliounganishwa huweza kuishikilia mimba njiani. Ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja, au kizunguzungu, usingoje miadi, nenda hospitali papo hapo, hata usiku.