Kamba wa Moshi Hawaongezi Damu

Bibi anayeniuzia kamba wa moshi hapa Bagamoyo ana tangazo lake. Hujauliza bei, hujagusa ungo, ameshakwambia: “Chukua mwanangu, hawa wanaongeza damu.” Misimu kadhaa nimenunua kwake na kunyamaza, maana mtu mzima hapingwi mbele ya wateja wake. Ila masika haya dada mmoja mjamzito aliyesimama ubavuni mwangu alibeba mafungu matatu kwa neno hilo tu, akawaacha dagaa aliokuwa amewajia. Nilimkuta kituo cha bodaboda, nikamweleza. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo bodaboda haikuyasubiri.

Mimi ni mtu wa teknolojia ya chakula. Kazi yangu ni kukaa na kina mama wakaushaji, kuanzia Dunda mjini hadi Mlingotini, tukipima unyevu, tukibishana kuhusu kuni, na kazi ikiisha tukila.

Tuanze na hiyo damu. Gramu 100 za kamba waliopikwa zina chuma cha nusu miligramu tu hivi. Mjamzito anashauriwa apate miligramu 27 kwa siku. Piga hesabu: angelazimika kumaliza zaidi ya kilo 5 za kamba kabla jua halijazama. Kukausha kunakoleza kiwango hicho mara tatu au nne, lakini nusu mara nne ni mbili, na sijaona mtu aliyekula gramu 100 za kamba wakavu kwa mkupuo mmoja akabaki na hamu ya kitu kingine.

Damu yenyewe ipo, ila imekaa kwenye ungo wa jirani yake. Siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali, wanawake wanaotoka kuchokoa hurudi na kombe ndani ya ndoo, wale wenye gamba nene la mifereji mifereji kama bati. Mfungue mmoja akiwa mbichi utaona majimaji mekundu. Ni himoglobini ile, sawa na inayobeba oksijeni kwenye damu yetu, na kwa viumbe wa magamba mawili ni jambo la nadra. Kome nao si haba: gramu 100 za kome waliopikwa zina chuma karibu miligramu 7, na vitamini B12 mikrogramu 24, wakati mtu mzima anahitaji 2.4 tu kwa siku. Chaza, wale wanaong'ang'ania mawe na mizizi ya mikoko, ni mabingwa wa zinki. Kwa mlo mmoja hakuna chakula cha kawaida kinachowafikia. Ajabu sokoni kamba ndiye mwenye heshima, kombe anaitwa chakula cha shida, na bei zao zinasema hivyo hivyo.

Hata hivyo bibi hakukosea moja kwa moja. Chuma cha kisamvu, mchicha au maharage mwili hukinyonya kwa shida. Ukitia kwenye chungu hicho hicho nyama kidogo, ya nchi kavu au ya baharini, na ndimu ukaikamulia mezani, kinanyonywa vizuri zaidi. Kwa njia hiyo kamba wachache wanaisaidia damu kwa mkono wa kisamvu. Shida ni kwamba tukishakula tunashushia chai ya rangi, na chai hukifunga kile chuma kisipite. Subiri saa moja ndipo uinywe.

Sasa moshi. Moshi hauongezi kirutubisho hata kimoja. Kazi kubwa inafanywa na joto na upepo, ambavyo vinatoa maji. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa kamba mbichi ni maji. Wakaushe hadi yabaki asilimia 15, kilo moja itabaki robo kilo na ushei, na zaidi ya nusu ya hiyo robo ni protini. Moshi wenyewe unaleta harufu tunayoipenda, na unaleta fenoli, kemikali zinazochelewesha mafuta kuchacha na kuwasumbua bakteria wa juu juu. Ule wekundu wa kamba, ambao wateja hudhani ni alama ya moshi mzuri, hauna uhusiano na moshi. Ni rangi iitwayo astaksanthini. Kamba akiwa hai imeshikwa na protini ndiyo maana anaonekana wa kijivu; joto likimpata, protini inaachia. Hata ukimchemsha tu atakuwa mwekundu.

Na kwa kuwa kila kitu ndani yake kimekolezwa (protini, chumvi, na uchafu wa moto kama upo), mimi kamba wa moshi namweka kwenye kabati la viungo, karibu na bizari. Gramu 10 za unga wake, kama kijiko cha chakula, zina protini inayokaribia ya yai moja. Vijiko vitatu vinakibadilisha chungu cha watu watano. Anayejaza sahani ya kamba wa moshi kama anavyojaza samaki wa kukaanga anakula chumvi nyingi bila kujua, na Shirika la Afya Duniani linataka chumvi yetu yote ya siku isifike gramu 5.

Kuhusu huo uchafu wa moto nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapogombana sana na wakaushaji. Kuni zikiwaka kwa mwali mkali, au mafuta yakidondokea kaa, hutokea kemikali za kundi la PAH. Mashuhuri kati yake ni benzopirini, inayosababisha saratani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo ya samaki au kamba wa moshi, na mikrogramu 6 kwa kome na chaza wa moshi. Kamba na kombe wana bahati ya kutokuwa na mafuta mengi ya kudondoka, tofauti na kambare. Bahati hiyo inapotea mtu anaposhusha chanja karibu na mwali ili amalize mapema: nje wanakuwa weusi, ndani bado wana maji, na masizi yale mteja anaambiwa ndiyo ladha.

Mimi nataka makaa, sitaki mwali. Vifuu vya nazi vikishashika moto sawasawa vinakaa muda mrefu, na makumbi yenye unyevu kidogo juu yake yanatoa moshi wa kutosha. Wazee watakuapia kwamba hakuna moshi kama wa mkandaa. Huenda. Lakini kukata mikoko bila kibali ni kosa, na kwenye mizizi yake ndiko watoto wa kamba wanakolelewa. Maganda ya korosho weka mbali kabisa, mafuta yake yanawasha na kuunguza. Mbao za mashua kuukuu pia, hata ziwe za bure: zina rangi, zina lami, zina sifa (yale mafuta ya samaki ya kupaka mashua) ya miaka ishirini, na vyote hivyo vitaishia kwenye mchuzi wako.

Waghana walilifanyia kazi jambo hili zamani. Tanuri la Chorkor limepewa jina la kijiji cha wavuvi jirani na Accra: kuta za mstatili, moto chini, trei za waya zimepangwa moja juu ya nyingine na kubadilishana nafasi. Baadaye FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wataalamu wa Senegal wakatoa la Thiaroye, lenye sehemu ya kukinga mafuta yasifike kwenye makaa. Pipa lililokatwa na waya mbili nalo linafaa, mradi ujue unachokikwepa.

Kabla ya chanja, kamba wachemshwe dakika chache kwenye maji ya chumvi kidogo. Hiyo inaua vimeng'enya vinavyowatia madoa meusi kichwani. Kombe, kome na chaza wachemshwe mpaka wafunguke wenyewe; atakayebaki amefunga midomo, mtupe, usimlazimishe. Kisha nyama ioshwe mchanga ndipo ipande juu. Na hapa nisisitize: moshi hausafishi bahari. Viumbe hawa wanachuja maji mchana kutwa, na waliochokolewa karibu na mfereji wa maji taka au mahali boti zinapomwaga mafuta watabaki na walichokinywa. Sumu za mwani na metali nzito haziondoki kwa moto wala kwa moshi.

Kukauka kunajulikana kwa sikio. Mvunje kamba katikati: akipinda, bado, akikatika “kach!”, tayari. Maji yakishuka chini ya asilimia 25 bakteria hawastawi, na chini ya 15 kuvu nayo inashindwa. Nayajua haya kwa vitabu, na nayajua kwa aibu. Nikiwa mgeni kazini nilifunga ndoo nzima ya kamba wa kikundi wakiwa bado vuguvugu, kwa haraka ya gari la Dar. Walitoa jasho humo ndani. Siku ya sita mteja akapiga simu kuuliza kama zile nywele za kijani ni aina mpya ya kamba. Tangu hapo wakitoka kwenye chanja nawaacha walale kwenye ungo usiku mzima, wamefunikwa kitambaa, ndipo nafunga.

Haya, tuingie jikoni.

Kabla ya yote waloweke kamba kwenye maji ya moto robo saa, na yale maji usiyamwage. Chuja kwa kitambaa mchanga ubaki. Hiyo ndiyo supu yako. Kisamvu kichemshwe kwanza bila mfuniko mpaka ile harufu ya ubichi iishe, kwa sababu sianidi ya muhogo inatoka na mvuke. Kikishalainika, tia kitunguu, maji ya kamba na tui jepesi. Kamba wenyewe waingie tui likishachemka, tui zito liwe la mwisho, na chumvi ionjwe baada ya hapo, kamwe si kabla. Nimeona chungu kizuri kikiharibika kwa sababu mpishi alitia chumvi kwa mazoea. Unga wa kamba, tofauti na kamba wazima, ukaangwe na kitunguu mwanzoni kabisa. Ukiuweka mwishoni unabaki na harufu ya dohani.

Kombe wa moshi mimi nawapikia ukwaju. Kitunguu, kitunguu saumu, bizari, nyanya moja tu, ukwaju uliokamuliwa mzito, pilipili mbuzi nzima isipasuke. Dakika kumi zinatosha. Ukizidisha utatafuna kandambili. Sahani yake ni bada, ugali wa muhogo, na ninajua kuna wanaokula na wali, siwezi kuwazuia.

Pilau usiwatie. Mdalasini na iliki vinagombana na moshi, na moshi unashinda. Bora usage kamba, uwakaange polepole na pilipili kavu, kitunguu na mafuta mpaka iwe nyeusi, uweke kwenye chupa. Waghana wana yao inaitwa shito, na ukionja hutaagiza tomato tena. Makopo ya chaza wa moshi yanayotoka Uchina na Korea nayo yanafaa kwa katlesi, ukimwaga mafuta yake.

Mtoto aliyefika miezi 6 anaweza kutiliwa unga kwenye uji, lakini utoke kwa kamba waliokaushwa bila chumvi, usagwe laini na kuchekechwa, uanze na ncha ya kijiko, kisha umwangalie siku mbili tatu. Mzio wa kamba hauponywi na moto. Protini inayousababisha, tropomiosini, inavumilia kuchemshwa na kubanikwa, kwa hiyo anayevimba midomo kwa kamba mbichi atavimba kwa wa moshi vile vile, na anaweza kuvimba hata kwa ule unga uliofichwa kwenye kisamvu cha mwenzake. Ukimkaribisha mgeni, mwambie kilichomo. Mwenye jongo naye asivizoee vyakula hivi.

Bibi nilimrudia jioni moja, wateja wameisha, anakung'uta ungo. Nikamwamkia, nikakaa kwenye ndoo, nikamweleza habari ya kombe na yale majimaji mekundu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. “Kumbe,” akasema, “na mimi nilikuwa nawapa kuku.” Wiki iliyofuata alikuwa na nyungo mbili, kamba na kombe, wote wa moshi. Tangazo ni lile lile kwa wote wawili. Kombe wamepanda bei.