Ngumi ya chembe cha moyo iliyompa Fitzsimmons ubingwa

Jioni moja kwenye mazoezi ya ngumi kijana ninayemfundisha alipigwa chembe cha moyo, akapiga magoti huku macho kodo yakinitazama. Fahamu zote alikuwa nazo na kila nilichosema alikisikia. Pumzi ndiyo iliyogoma. Nikamwambia: pole, hii ni ngumi ya Fitzsimmons.

Bob Fitzsimmons ukimwona pichani huwezi kudhani ni bingwa wa uzito wa juu. Kipara, madoadoa usoni, miguu kama ya korongo. Lakini tazama mabega! Alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1863, akakulia Timaru, New Zealand, akifanya kazi ya uhunzi, na nyundo ikamjenga kuanzia kiunoni kwenda juu. Ubingwa wa uzito wa kati aliutwaa New Orleans mwaka 1891.

Siku yake kubwa ni 17 Machi 1897, Carson City, jimbo la Nevada, ambalo lilikuwa limehalalisha ngumi za kulipwa mwaka huohuo. Bingwa wa uzito wa juu, James J. Corbett, alikuwa na uzito wa paundi 183, Fitzsimmons 167. (Kwa mizani ya leo angepangwa na wale ambao kikomo chao ni paundi 168, wala uzito wa juu asingeusogelea.)

Corbett alikuwa fundi wa miguu: anapiga, hayupo. Raundi ya sita akamwangusha mhunzi, uso umetapakaa damu. Fitzsimmons akainuka, akaendelea kumtafuta kiwiliwili. Kichwa cha Corbett hakishikiki, ila tumbo haliwezi kukwepa haraka vile.

Raundi ya 14 akatishia mkono wa kulia kichwani. Corbett akarudi nyuma, kifua wazi. Papo hapo Fitzsimmons akavusha mguu wa kulia mbele, na mkono wa kushoto, ambao sasa una uzito wote wa nyonga nyuma yake, ukazama pale mbavu zinapoachana. Hapo ndani kuna fundo la neva. Likigongwa, msuli unaovuta pumzi hukakamaa, na mtu anabaki na akili timamu ndani ya mwili usiotii. Corbett alitambaa akiitafuta kamba hadi refa akafika kumi. Pumzi ilipomrudia alimvamia mwenzake kwa hasira, lakini mkanda ulishaondoka. Kamera zilikuwepo, na vipande vya filamu hiyo bado vipo. Mimi huwaonyesha vijana ule mguu wa kulia, si ngumi.

Mwaka 1899 James J. Jeffries, jitu la zaidi ya paundi 200, alimnyang'anya ubingwa huko Coney Island. Mwaka 1903, akiwa na miaka 40, Fitzsimmons akamshinda George Gardiner kwa pointi katika raundi 20 na kuchukua mkanda wa uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu. Kabla yake hakuna bondia aliyekuwa bingwa wa dunia katika uzito wa aina tatu.

Ningekuwa kocha kwenye kona yake ningemwambia basi. Hakuacha. Mwaka 1907, na miaka yake 44, alipanda ulingoni na Jack Johnson, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu. Raundi ya pili haikuisha, Johnson akawa amemmaliza.