Acheni kumaliza chaji za betri za nikeli kwenye satelaiti "zisishike memori"

Juzi tena imetokea. Timu ya wanafunzi wanaojenga satelaiti ndogo wamenitumia mpango wao wa umeme niukague, betri ya nikeli-kadimi, seli wamezichagua vizuri kabisa, paneli za sola hesabu imekaa sawa, nikasema leo nimepata watu makini. Nafika sehemu ya uendeshaji nakuta wameandika kwamba softwea itakuwa inaimaliza betri chaji mpaka chini kila baada ya obiti chache "ili isishike memori", yaani isizoee kutoa chaji kidogo tu. Nimeshasikia hii kwa wanafunzi, kwa mainjinia wa mitambo mingine, mpaka kwa watu waliosoma umeme miaka na miaka, na kila mara inanibidi nianze upya, kwa hiyo leo naandika yote.

Kwanza hii imani haikutoka hewani. Kuna seli za nikeli-kadimi za daraja la anga ambazo zilizungushwa kwa kipimo kile kile bila kubadilika, zinatoa kama asilimia 25 ya ujazo wake, zinajazwa kwa usahihi bila kupitilizwa hata kidogo, zinatoa tena asilimia 25, hivyo hivyo mara nyingi sana, na mwisho ukitaka zitoe zaidi ya pale zilipozoea volti inashuka kama imekutana na ngazi. Ndiyo memori yenyewe. Angalia masharti yake lakini: kipimo kile kile kabisa, kila mara, bila kupitiliza chaji. Satelaiti yako haiishi hivyo, leo transmita imewaka muda mrefu, kesho hita zimefanya kazi zaidi, kivuli chenyewe kinabadilika urefu kadiri obiti inavyogeuka mbele ya jua.

Kile ambacho watu wengi wanakiita memori ni kitu kingine, ni volti kulegea, na chanzo chake kikubwa ni betri kukaa kwenye chaji ya kupitiliza muda mrefu tena kwenye joto. Upande wa kadimi fuwele zinakua kubwa, eneo la kufanyia kazi linapungua, na kadimi inaweza kuungana na nikeli ya bamba lenyewe ikatengeneza mchanganyiko unaotoa umeme kwa volti ya chini zaidi. Upande wa nikeli nao unatokea muundo wa oksaidi unaovimbisha bamba. Ampea-saa nyingi, yaani chaji yenyewe, bado zimo ndani! Shida ni kwamba zinatoka kwa volti 1.1 badala ya 1.2, na kama kifaa chako kinajizima volti ya laini ikifika kiwango fulani basi kitajizima mapema ukadhani betri imekwisha. Sasa mtu anayeitibu hali hii kwa kuimaliza chaji kila siku hajagusa chanzo, chanzo kiko kwenye chaja yake.

Tupige hesabu maana hapa ndipo inapouma. Chukua obiti ya chini ya dakika 96, kama 36 uko kwenye kivuli cha dunia na 60 uko juani. Hiyo ni mizunguko 15 kwa siku, zaidi ya 5,400 kwa mwaka. Seli ya kawaida ya nikeli-kadimi ukiimaliza yote kila mara unaweza kupata mizunguko mia tano, ikikupenda elfu moja. Mia tano gawanya kwa 15 ni siku 33. Mwezi mmoja na satelaiti yako imekwisha! Ndiyo maana kwenye obiti ya chini watu wanachukua asilimia 10 mpaka 25 tu, na ule ujazo mwingine wote unaoonekana umekaa bure ndio unaokununulia miaka. Halafu kuna kujaza. Ukitoa asilimia 25 kivulini inabidi uzirudishe na nyongeza kidogo ndani ya zile dakika 60, mkondo wake unavumilika. Ukitoa zote inabidi urudishe ujazo mzima na zaidi ndani ya saa moja, paneli utazitoa wapi, na joto la kuchaji kwa kasi hiyo utalipeleka wapi?

Na kuna hatari ambayo hao wanafunzi hawakuiona kabisa, seli kugeuka. Seli zako zimefungwa kwa mfululizo, tuseme 22, na softwea inasoma volti ya betri nzima, imeambiwa iache kutoa ikifika 22, yaani wastani wa volti 1 kwa seli. Inaonekana salama si ndiyo? Seli 21 zikiwa kwenye 1.1 zinakupa 23.1. Ile moja dhaifu imeshakwisha zamani, wenzake wanalazimisha mkondo upite ndani yake kinyumenyume, iko kwenye hasi 0.4. Jumla unasoma 22.7 na softwea inasema endelea. Ndani ya seli ile ya nikeli-kadimi inazalishwa haidrojeni ambayo, tofauti na oksijeni ya kuchaji kupitiliza, haina njia nzuri ya kurudi kwenye kemikali, presha inapanda, na huko juu hakuna wa kwenda kubadilisha seli. Kwa hiyo dawa ya memori imeua betri ambayo haikuwa na memori.

Je, kuna wakati betri ya nikeli inamalizwa makusudi? Upo, na hapa ndipo wengi wanachanganya mambo. Satelaiti za obiti ya juu, zile za kilomita kama 36,000 zinazoonekana zimesimama sehemu moja, zinapita kwenye kivuli misimu miwili tu kwa mwaka, kama siku 45 kila msimu kuzunguka Machi na Septemba, na kivuli kirefu kabisa ni dakika 72. Katikati ya misimu betri imekaa miezi haina kazi, kwa hiyo kabla ya msimu kuanza inatolewa chaji taratibu kupitia risista halafu inajazwa upya, na volti inanyooka kweli. Mara mbili kwa mwaka, taratibu, chini ya uangalizi wa volti ya seli moja moja au ikisimamishwa kwenye kiwango salama cha volti. Satelaiti ya obiti ya chini yenye betri moja itafanyaje hivyo wakati kivuli kinarudi kila saa moja na nusu? Msinakili desturi ya obiti moja mkaipeleka nyingine.

Haya, imani nyingine ninazozisikia nazijibu haraka.

"Angani ni baridi kwa hiyo betri haiwezi kupata joto." Hakuna hewa ya kubeba joto, linatoka kwa kupita kwenye chuma na kwa mionzi basi, hivyo betri ya nikeli inayomalizia kuchaji inapata moto haraka kuliko mezani kwako. Mimi nikikagua mpango wowote naanza na ukurasa wa joto kabla ya ujazo. Nikeli-kadimi ikae kama nyuzi 0 hadi 15, nikeli-haidrojeni, aina nyingine ya betri ya nikeli inayotumika angani, inafurahia hata chini kidogo ya sifuri. Na kikomo cha volti cha chaja lazima kifuate joto, kama milivolti 2.3 kushuka kwa kila nyuzi moja kwa kila seli, la sivyo betri ikipata moto volti yake ya mwisho inashuka, chaja haifiki kikomo, inaendelea kusukuma, joto linazidi, na mzunguko huo unaishia vibaya. Kinyume chake nacho kipo. Mars Global Surveyor, chombo cha NASA kilichokuwa kinaizunguka Mirihi, ilipotea Novemba 2006 baada ya kujigeuza betri ikaelekea jua, ikapata moto, mfumo ukadhani ule moto ni wa kuchaji kupitiliza ukapunguza chaji, na ndani ya saa chache betri zikaisha. Moto uliotoka nje ukasomwa kama moto wa ndani.

"Nikipima volti najua chaji imebaki ngapi." Hapana. Mstari wa volti wa nikeli umelala, katikati kote uko karibu na 1.2, ukiona umeanza kuinama umeshachelewa. Hesabu ampea-saa zinazotoka na zinazoingia, na urudishe zaidi kidogo ya zilizotoka. Nikeli-haidrojeni peke yake ina njia nzuri kuliko hiyo: haidrojeni inajikusanya kadiri unavyochaji, kwa hiyo presha ya chombo ndiyo geji yako, sensa inabandikwa kwenye ukuta wa chombo inapima unavyotanuka.

Na hapo hapo kuna wanaosema presha hiyo ni bomu. Chombo kinajengwa kwa aloi ya nikeli chenye nguvu mara kadhaa ya presha ya kazi. Aina hii iliruka mara ya kwanza 1977 kwenye satelaiti ya Marekani NTS-2, na darubini ya anga ya Hubble iliondoka 1990 na betri sita za namna hii, zikabadilishwa Mei 2009, miaka 19, karibu mizunguko laki moja, kwa sababu kila kivuli zilikuwa zinatoa sehemu ndogo tu ya ujazo wake. Ningependa kila anayetaka kumaliza betri yake chaji aiangalie hiyo namba.

"Litiamu imeifanya nikeli kuwa takataka." Litiamu ni nyepesi, hilo halina ubishi, kituo cha anga cha kimataifa kuanzia 2017 kilitoa betri 48 za nikeli-haidrojeni kikaweka 24 za litiamu. Lakini nikeli inavumilia kupitilizwa chaji kiasi kwa sababu oksijeni inayotoka inarudi kuungana ndani, litiamu haina msamaha huo, kila seli inataka kulindwa yenyewe. Mars Odyssey, chombo kingine cha Mirihi kilichoruka 2001, imefanya kazi zaidi ya miaka 20 na nikeli-haidrojeni.

"Betri ikifa satelaiti imekufa." AMSAT-OSCAR 7, satelaiti ya watu wa redio ya ridhaa, ilirushwa Novemba 1974 na nikeli-kadimi, 1981 betri ikapiga shoti na satelaiti ikanyamaza. Mwaka 2002 ikasikika tena! Inaelekea ile shoti ilikatika yenyewe, paneli zikawa hazimezwi tena na betri, na tangu hapo inaamka ikiwa juani na inazima kivulini. Ilikaa kimya miaka 21 ikisubiri shoti moja iachie. Kwa hiyo wekeni swichi ya kuitenga betri na mfumo unaoweza kuwaka kwa paneli peke yake, hao wanafunzi nimewaambia waondoe ile ratiba ya kumaliza chaji na nafasi iliyobaki kwenye softwea waandike hiyo.