Vioo vya friza vikitoa jasho, usishushe themostati

Meneja wa supamaketi akiona vioo vya friza vimejaa ukungu, jambo la kwanza ni kushusha themostati ya kiyoyozi cha duka. Wateja wanaanza kutetemeka, bili ya umeme inapanda, na vioo vinaendelea kutoa jasho.

Majokofu ya wazi humwaga baridi dukani, kwa hiyo themostati hutosheka mapema na kuzima kompresa ya kiyoyozi. Joto limeshuka, lakini mvuke ulioingia mlangoni bado umo. Na kama feni imeachwa izunguke muda wote, hali huwa mbaya zaidi. Fungua kifuniko cha mashine kompresa ikiwa imezima uangalie koili, yaani mabomba baridi yanayopoza hewa: mapezi yake (vibati vyembamba) yaliyokuwa yakichuruzika yanaanza kukauka, na bomba la kutolea maji halidondoshi tena. Feni inayageuza mvuke maji uliyokwisha kulipia kuyatoa hewani, na kuyarudisha dukani.

Unyevu ulioachwa na kiyoyozi huishia kwenye friza, na huko kuutoa ni ghali. Koili ya kiyoyozi hufanya kazi kwenye nyuzi 5 hadi 10 hivi. Ya friza huweza kushuka hadi 30 chini ya sifuri, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo kompresa inavyokula umeme. Tena maji hayo huganda, huziba njia ya hewa, kisha unawasha hita kuyayeyusha.

Kwa hiyo mimi huongoza mashine kwa kipimo cha unyevu pamoja na joto. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 55 huanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 14 hivi. Ikikaushwa hadi asilimia 40, umande husubiri mpaka karibu nyuzi 10. Kioo chenye nyuzi 12 kitalowa katika hali ya kwanza, katika ya pili kitabaki kikavu, na joto la duka ni lilelile.

Anza na lisilo na gharama: feni ipungue kasi au izime pamoja na kompresa. Kisha hewa ya nje ipitishwe kwenye koili yake yenyewe na kukaushwa kabla ya kuchanganywa na ya ndani, kwa sababu ndiyo inayobeba unyevu mwingi. Ikihitaji kupashwa kidogo baada ya hapo, tumia joto linalotupwa na kondensa za majokofu, yaani sehemu zinazotoa nje joto lililoondolewa ndani yake. Hita ya umeme hapo ni ubadhirifu mtupu. Magurudumu ya kemikali za kufyonza unyevu yapo, ila mimi huyafikiria mwisho.

Hewa ikishakauka, hita za milango ya friza, zinazopasha vioo visitoe jasho, zifungiwe kidhibiti kinachofuata unyevu. Zikiachwa ziwake saa 24, sehemu ya akiba yote hiyo inapotelea kwenye vioo.