Thamani unayoitaja unapopeleka sarafu kupimwa daraja: yanayosemwa na ukweli

"Kwenye fomu ya upimaji, andika dola 50 kwa kila sarafu, ada itapungua." Ushauri huu umezagaa miongoni mwa wakusanyaji wa Nairobi, na ndio unaowaumiza zaidi. PCGS na NGC, kampuni kubwa za Marekani zinazopima hali ya sarafu na kuipa daraja, hupanga ada kwa viwango, na kila kiwango kina kikomo cha thamani kwa sarafu moja. Wapimaji wakiona yako imevuka kikomo, wanaihamishia kiwango cha juu na kukutoza tofauti. Halafu thamani uliyoiandika ndiyo msingi wa bima ya kurudisha mzigo na wa fidia ukipotea. Sarafu ya dola 400 iliyoandikwa 50 ikipotea, tarajia fidia ya 50.

Kutia chumvi nako hakusaidii: daraja, kuanzia 1 hadi 70, linatokana na hali ya sarafu yenyewe. Utalipia kiwango cha juu bure. Taja bei ya sokoni kwa daraja unalolitarajia kwa haki, wala si bei uliyonunulia. Angalia minada iliyokamilika ya sarafu hiyo hiyo, ya mwaka huo huo, na alama ile ile ya kiwanda kilichoitengeneza.

"Isipopata daraja, nitarudishiwa ada." La. Sarafu iliyosuguliwa kwa Brasso hurudi na maelezo ya kasoro, bila namba, na ada imeshaliwa kwa sababu kazi imefanyika. Hata ya bandia hulipiwa. Tafadhali, usisafishe chochote.

Ada ya sarafu moja pia si gharama yote. Kuna ada ya kushughulikia oda nzima, usafiri wa kwenda, usafiri wa kurudi na bima. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mfalme George VI iliyochakaa haiwezi kurudisha fedha hizo, iache nyumbani. Zenye thamani zikusanyeni watu kadhaa mtume pamoja.

Thamani kwenye karatasi za forodha ilingane na ya fomu ya upimaji, na nakala za hati za kuitoa sarafu nchini zitunze, maana bila hizo ni vigumu kuwaonyesha KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwamba sarafu inayorudi ni ile ile iliyotoka. Rupia ya Mombasa ya 1888 ina sharti jingine: kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, hakitoki bila kibali. Anzia Makumbusho ya Taifa kabla hujalipa ada yoyote.