Homa ya ini: hela ya sindano tatu au hela ya ng'ombe?

Jumamosi moja tuliweka meza yetu pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, karibu na wanapopanga magunia ya dagaa, tunapima homa ya ini bure. Watu wanapita wanatuangalia tu. Akaja mzee mmoja kifua kipana, tajiri wa mitumbwi, anacheka, "dokta mimi naumwa nini sasa, gunia nabeba mwenyewe". Nikamwambia sawa mzee, lete kidole. Tukamtoboa, tone moja la damu, dakika kama 15 hivi ikatoka mistari miwili, maana yake homa ya ini aina ya B anayo. Kicheko kikaisha.

Sasa hapo ndo ugonjwa huu unapotushinda. Ini halipigi kelele. Kirusi cha B kinaweza kukaa humo miaka 20 au 30 na mtu anavua, anazaa, anajenga, hana hata kichwa kuuma, halafu siku moja macho yanakuwa njano na tumbo linajaa maji ndo ndugu wanaanza kukimbizana, na huku kwetu tumbo likijaa maji jibu la kwanza ni kwamba karogwa, wanaanzia kwa mganga, mganga anachanja chale kwa wembe uliochanja wengine, na kirusi hiki nje ya mwili kinaweza kukaa hai siku 7. Yaani mgonjwa kaenda kutafuta dawa kaacha ugonjwa kwa wanaomfuata kwenye foleni.

Hata jina nalo linatuponza. Tunaita "homa" na watu wanasubiri homa, wengi hawaipati kabisa. Wengine wananiambia mimi nilishachanjwa dokta, nina kadi ya njano ya kusafiria. Hiyo ni homa ya manjano, ya mbu, haihusiani kabisa na hii.

Kwa kifupi, A na E zinakuja kwa maji na chakula chenye kinyesi, na kando ya ziwa kambi nyingine hazina choo mnaelewa wenyewe, ila wengi wanapona (mjamzito akipata E asicheze, awahi hospitali). B na C zinapita kwenye damu, na B zaidi inapita kwenye ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapojifungua. C haina chanjo lakini inatibika kwa vidonge, kawaida wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 wanapona kabisa. B ni kinyume chake, dawa ya kuimaliza bado ila chanjo ipo na ni nzuri sana.

Kwenye ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2024 watu wanaoishi na B duniani ni milioni 254, wa C milioni 50, vifo milioni 1.3 kwa mwaka, gawanya mwenyewe, ni kama 3,500 kila siku. Waliokuwa wanajua kwamba wana B ni asilimia 13 tu. Kilichoniuma zaidi mimi ni hiki: asilimia 63 ya maambukizi mapya ya B yako kanda ya Afrika, lakini watoto wa kanda hii wanaopata sindano ya B mara wanapozaliwa ni asilimia 18. Na mtoto mchanga akiambukizwa ndani ya mwaka wa kwanza, kwenye kila 10 kama 9 wanabaki nayo maisha yote, wakati mtu mzima akiipata ukubwani hawafiki 5 kwenye 100. Sindano hiyo inatakiwa ndani ya masaa 24, bei yake haifiki dola moja. Tanzania tuliingiza B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, sasa hivi imo kwenye pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja, ya wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo usijipe moyo, uwezekano mkubwa hujawahi kuchanjwa.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Niliwahi kukaa na familia moja ya huko Magu, walishauza ng'ombe sita kabla hawajafika kwetu, kwa nauli, picha, kutoa maji tumboni, gesti ya mama anayemuuguza. Saratani ya ini, imeshasambaa. Ng'ombe sita! Na kwingine nimekuta mjamzito kapimwa VVU na kaswende, kwenye homa ya ini akaambiwa vipimo vimeisha akanunue nje, akarudi nyumbani bila kununua. Pale tulibana hela ndogo, kubwa inakuja nyuma.

Ukiniuliza kama kuitokomeza inawezekana nitakupeleka Misri, huko huko maji ya ziwa letu yanakoishia. Kuanzia miaka ya 1950 wao walichoma watu sindano za kutibu kichocho, sindano moja ikatumika kwa wengi, C ikasambaa hadi wakawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi duniani. Baadaye serikali ikaamua kuweka hela, wakapima mamilioni kwa mamilioni ya watu, wakatibu, na mwaka 2023 wakawa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu ya WHO ya kuelekea kuitokomeza C. Na kichocho hapa tunacho pia, Ukerewe, Sengerema, kote mwambao, kile cha tumbo nacho kinaharibu ini mpaka mtu anatapika damu, kwa hiyo usikisie mwenyewe ni kipi, pima vyote.

Tumrudie mzee wetu. Vipimo vya baadaye vikaonyesha ini bado zuri, hahitaji dawa kwa sasa, atakuwa anaangaliwa kila miezi 6. Angehitaji angepewa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, na kwenye ripoti ile ya WHO ya 2024, kwa soko la dunia ilikuwa inapatikana kwa dola 2.4 kwa mwezi nchi ikinunua vizuri. Dawa hiyo imo pia kwenye vidonge vya VVU, ndo maana wengine wanaificha wasieleweke vibaya. Mkewe alikuwa ameshamtengea sahani na kikombe, tukamwambia mama rudisha sahani kabatini, hii haiambukizi kwa kula pamoja, weka mbali wembe na mswaki tu, halafu njoo na watoto mpimwe, asiyenayo achanjwe.

Mzee akafikiria, akauliza vijana wake wanne wa mtumbwini je? Injini anaifanyia sevisi, nyavu anashona, vijana hajawahi kuwapima chochote. Shida wako kambini visiwani, na chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Nikaanza kuhangaika na kalenda, yeye akanikatisha. "Dokta, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, vijana wote wanarudi nyumbani. Wachome mbalamwezi hii, inayofuata, halafu ruka nne, sindano ya tatu wachome inayokuja."

Nikahesabu kwa vidole. Inaangukia humo humo.