Kabureta haijui kama umepanda Mbeya

Juzi kijana mmoja alipandisha baiskeli yake ya mota kutoka Kyela, imelazwa juu ya magunia ya mchele kwenye Fuso. Huko chini, anasema, ilikuwa inachomoka vizuri tu. Hapa Mwanjelwa, mjini Mbeya, hata kwenye mwinuko wa kumpandisha bibi, inamisi, inakohoa, inaacha moshi kama jiko la kuni mbichi. "Fundi, jana ilikuwa nzima." Alishamlipa mtu akazungusha skrubu ya sailensa (ule mwungurumo wa chini ukiwa umeachia resi) wee, mpaka ikawa haizimi kabisa ila bado haina nguvu. Nikafungua plagi. Nyeusi, imelowa, ukiigusa kidole kinatoka na masizi ya mafuta.

Injini yake haikuwa na ugonjwa. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700. Mgandamizo wa hewa hapa kwetu ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Sasa hizi kabureta, yaani vichanganya hewa na petroli, za injini ndogo za tustroki (zile za kuchanganya oili kwenye petroli) hazina akili ya kompyuta. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inavuta petroli kupitia tundu la jeti, basi. Hewa ikiwa nyepesi, petroli haipungui kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Plagi inalowa, injini inawaka mzunguko huu, inaruka ule. Ndiyo hiyo kumisi.

Lakini hata mimi sikuanza na kabureta. Nilianza na bomba linaloiunganisha na silinda, maana hapo ndipo kuna uongo mwingi. Kwenye baiskeli hizi kabureta inavaa bomba kama kofia na kubanwa kwa skrubu moja, na injini inatikisika kutwa nzima. Ikivuta hewa pembeni, ukiachia resi inagoma kushuka, na utakesha unarekebisha bila kupata kitu. Iache iungurume, dondoshea maji ya sabuni kwenye maungio na kwenye gasketi. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Chujio la hewa nalo lioshe. La yule kijana lilikuwa limejaa pumba za mpunga.

Baada ya hapo, sindano ya ndani ya kabureta. Fungua kifuniko cha juu ambapo waya wa resi unaingia, vuta bomba dogo linalopanda na kushuka, utaikuta ndani. Juu ina mikato, mara nyingi minne, na klipu imekaa kwenye mmoja wao. Wengi wanakosea hapa kwa sababu inakwenda kinyume na mawazo: klipu ukiipandisha, sindano inashuka, petroli inapungua. Ukiishusha, sindano inapanda, petroli inaongezeka. Sindano inatawala resi za katikati. Ukivuta mkono wa resi hadi mwisho, hapo anayeamua ni jeti kubwa, ile yenye namba. Namba ndogo, petroli kidogo. Na skrubu ya nje aliyohangaika nayo yule mtu inapandisha au kushusha sailensa tu. (Fundi akitaka kuzibua jeti yako kwa waya, chukua baiskeli yako uondoke. Ile ni shaba laini, tundu likishapanuka halirudi. Pampu ya baiskeli inatosha.)

Nikapandisha klipu mkato mmoja, nikaweka plagi mpya, nikaenda barabara iliyonyooka kule Uyole. Vuta mkono hadi mwisho kwa dakika moja hivi, kisha kwa mpigo mmoja zima kwa swichi na ukamate klachi, uache iserereke. Ukiiacha iungurume kwanza, plagi itakusomea hali ya sailensa. Rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea, ndiyo tunayoitaka. Nyeusi, bado nzito. Nyeupe, simama hapohapo.

Nyeupe naijua. Kuna mwaka nilijirekebishia yangu hapa mjini ikawa tamu ajabu, nikateremka nayo Tukuyu hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela. Kilichokuwa sawa huku, kule ni petroli kidogo mno, kwa sababu hewa ni nzito. Na tustroki inapata oili ndani ya petroli, kwa hiyo ukiinyima petroli umeinyima oili. Zaidi ya hapo, mteremko wote nilikuwa nimefunga resi bila kukamata klachi: injini inazungushwa na tairi huku hainywi kitu. Kwenye tambarare nikavuta mkono, nikasikia kama mtu anakwaruza sufuria, tairi la nyuma likakwama. Imenoki, yaani pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda. Niliisukuma kwenye jua lile, na watoto walinisindikiza kwa vicheko.

Jambo jingine linalobishaniwa sana kijiweni: ukizidisha oili ili "kuilinda" injini, unapunguza petroli inayopita kwenye tundu lilelile. Chagua kipimo kimoja, oili moja kwa petroli 25 kwa mfano, ndipo urekebishe. Ukibadili kipimo, rudi kwenye plagi.

Yule kijana nilimwambia akirudi kwao ashushe klipu mkato mmoja kabla hajawasha. Akaokota msumari, akachora kwenye tangi: "Mbeya 2, Kyela 3, toka juu." Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaomba apunguziwe bei ya plagi.